Makhanu na Ukuta wa Waliokosea

Kama umewahi kutembea Free Area, hapa Nakuru, ukaona geti limechorwa mbwa mwenye meno nje na maandishi MBWA KALI, tazama masikio yake. Yakiwa yamelala pembeni kama ya mbuzi, huyo mbwa ni wa Makhanu. Masikio ya mbwa yalimshinda tangu ujana. Wenye mageti hulalamika kidogo halafu wanazoea, na wezi nao, nadhani, huwa hawasimami kuchunguza masikio.

Nataka kuandika habari zake kwa sababu muhula uliopita alikuwa kwetu shuleni karibu kila siku, na kwa sababu sikujua kwamba mtu mwenye ndoo za rangi anaweza kukuachia swali kichwani hadi kengele ya lanchi ikulilie bado umesimama.

Babu yake alitoka Bungoma kuja kufanya kazi ya reli. Baba yake akaingia karakana, upande wa kupaka mabehewa rangi, na makopo yaliyobaki na rangi ya kukwangua chini alikuja nayo nyumbani. Kwa hivyo Makhanu alikua katika nyumba za reli akiwa na rangi mbili tu, nyekundu ya matofali na kijivu, na kila kitu cha jirani kikawa chekundu ama kijivu: stuli, mlango wa choo, madigadi ya baiskeli. Siku moja pasta alitoka ibadani akakuta jina lake limeandikwa kwenye baiskeli yake, herufi zimenyooka kuliko zile za ubao wa kanisa. Watu walingoja kijana achapwe. Pasta alizunguka baiskeli mara kadhaa, halafu akamwambia aje Jumamosi aandike ubao.

Tangu hapo Makhanu akauandika mji. Vinyozi, bucha, posho mill, saluni, maduka ya dawa za mifugo. Alikuwa akimchora ng'ombe wa bucha anayecheka, kitu ambacho mimi nikikifikiria sana kinanisikitisha, lakini wateja walikipenda. Alioa, akalea watoto watatu kwa brashi. Halafu zikaja mashine za kuchapisha mabango ya plastiki. Bango linachapishwa asubuhi, mchana limeshapigiliwa misumari, na mara nyingi lilipigiliwa juu ya kazi yake.

"Mayi," alituambia siku moja akikoroga rangi (hutuita mayi sisi wasichana wote, ndivyo wanavyomwita mama kwao), "mimi nimepaka hii town kutoka stesheni mpaka huku. Leo ukitafuta mkono wangu hupati. Bango juu ya bango. Natafuta tu ukuta mmoja wa kubaki."

Ndio maana Madam Wachuka alipomwita, alikuja siku hiyo hiyo na ngazi begani.

Madam Wachuka anatufundisha fizikia. Ana tabia moja: ukimpa jibu sahihi, anakuuliza, "Na kabla ya kujua hivyo, watu walifikiri nini?" Mwanzoni tulidhani anatuchelewesha tusimalize silabasi. Yeye ndiye aliyeuona ule ukuta mrefu unaotoka maabara hadi getini, mtupu, wenye alama za mipira tu, akamwomba mwalimu mkuu uchorwe historia ya mawazo ya sayansi. Hakutaka sura za watu maarufu na majina chini yake. Alitaka mawazo yenyewe, yakifuatana, kuanzia waliohesabu nyota kule Babeli na waliopima mashamba baada ya mafuriko ya Nile, hadi sisi. Na akasisitiza: yale yaliyokuja kuonekana si kweli yawemo pia.

Alimletea Makhanu picha alizochapisha kwenye kompyuta ya ofisi. Makhanu alizitazama, akazikunja, akaziweka mfukoni, na nafikiri hakuzikunjua tena. Alichora kama anavyojua yeye.

Mgiriki wa kwanza alitokea amenyolewa vizuri sana, pembeni chini, juu mviringo, na kimstari kando ya sikio. Rafiki yangu Chepkurui, ambaye mdomo wake haujawahi kuwa na likizo, akasimama chini ya ngazi.

"Fundi! Huyu ni mwanafalsafa ama ni konda?"

"Ni mwanafalsafa."

"Amenyolewa wapi? Nataka kupeleka brathe yangu."

"Peleka kwa yule aliyekunyoa wewe, akurudishie kichwa chako," Makhanu akajibu bila kugeuka, na darasa zima la fomu tatu likamcheka Chepkurui, ambaye kwa kweli alikuwa amenyolewa vibaya wiki hiyo.

Ilikuwa hivyo kila mapumziko. Alipofika kwa Newton, tukaona kitu cha kijani kinaanguka kutoka mtini.

"Mzee Makhanu," Madam Wachuka akasema polepole, "hilo ni tufaha?"

"Ni avokado, Madam."

"Ilikuwa tufaha."

"Madam, tufaha hapa watoto wanaona supermarket, limewekwa stika. Linaangukia wapi? Lakini avokado ikiangukia mabati, nani hapa hajawahi kuruka?"

Madam alijaribu kukaza uso. Alishindwa. Avokado ikabaki.

Nyama nayo ilibaki. Zamani, Madam alituambia, watu waliamini funza wanajizaa wenyewe ndani ya nyama iliyooza, hadi Mwitaliano mmoja, Redi, alipofunika nyama nyingine kwa kitambaa chepesi na kuacha nyingine wazi. Ile ya wazi ikapata funza, ile iliyofunikwa haikupata. Inzi ndio waliokuwa wakitaga. Sasa, umwambie Makhanu achore nyama! Alichora mguu mzima wa ng'ombe umening'inia kwenye ndoano, mafuta yanang'aa, hata ukawa unatamani kuuliza kilo inaenda aje. Chepkurui alisema kipindi cha kabla ya lanchi kihamishiwe upande mwingine wa shule.

Lakini kitu ninachokikumbuka kuliko vyote ni stoo. Makhanu aliwekewa rangi zake katika kibanda cha mabati nyuma ya jiko. Adhuhuri moja, mimi na Chepkurui tukisikiliza mlangoni, Madam alikuwa akimweleza kuhusu macho: jinsi baadhi ya Wagiriki walivyodhani jicho hutoa miale kama tochi, ikaenda kugusa kitu ndipo ukakiona. Halafu miaka elfu moja iliyopita Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra, akaonyesha kwamba ni kinyume, mwanga hutoka nje ukaingia machoni. Naye alitumia chumba cha giza chenye tundu dogo.

Makhanu akaacha kukoroga. "Tundu kama la msumari?"

"Kama hilo."

"Na nje kuna jua?"

"Lazima."

"Papa!" akasema, kama wasemavyo kwao wakishangaa, akatuvuta sote ndani ya stoo na kufunga mlango. Giza. Joto. Harufu ya tapentaini. Mwanga ulipenya kwenye tundu moja tu la msumari. Halafu macho yakazoea, na kwenye gunia jeupe lililoning'inia ukutani nikaona mlingoti wa bendera ya shule umesimama juu chini, bendera inapepea kuelekea ardhini, na wasichana wadogo wadogo wa fomu wani wakitembea kwa vichwa.

Chepkurui akapindua kichwa ili awatazame vizuri.

"Miaka yote nimekuwa na banda la mabati," Makhanu akasema gizani. "Nimeona hii kitu mara nyingi. Nilidhani ni macho yangu yameanza kuzeeka. Nikaziba tundu na chingamu."

Madam alicheka hadi akaketi juu ya ndoo. Mimi sikucheka mara moja. Nilikuwa nafikiria mashimo yote ya misumari katika mabati yote ya Nakuru, kila moja na barabara yake ndogo iliyopinduliwa ndani, na watu wamelala humo hawaoni.

Basi, ukuta ulikuwa umebakisha kipande tu karibu na geti wakati balaa ilipokuja, na ilikuja kwa mlango wa haki.

Kuna msichana wa fomu wani, Lynn, babake ni mzee Mbugua, mwenyekiti wa wazazi, anayelima viazi juu kule Molo na kuuza mbegu mjini. Katika mtihani wa katikati ya muhula Lynn aliulizwa malaria huletwa na nini. Akaandika: hewa mbaya inayotoka kwenye kinamasi. Akaongeza na mchoro. Mchoro ulikuwa mzuri. Alikuwa ameunakili kutoka ukutani kwetu, mahali ambapo Makhanu alimchora daktari wa zamani ameziba pua kwa maua kando ya bwawa. Kule mbele, baada ya hatua chache, palikuwa na mbu pia na ukweli wake, lakini Lynn hutumia mlango wa maabara. Hakuwa amefika kwa mbu.

Mzee Mbugua alikuja Jumatatu, buti zikiwa bado na udongo wa shamba. Si mtu wa kelele. Alitembea ukuta wote, mikono nyuma, halafu akarudi pale ambapo dunia ilikuwa katikati na jua likiizunguka.

"Nani alichora hii?"

"Ni mimi, mwenyekiti," Makhanu akasema kutoka juu ya ngazi.

"Wewe unaamini jua inazunguka dunia?"

"Hapana. Ni wale wa zamani waliamini."

"Sasa mbona tunawekea watoto makosa ya watu wa zamani kwa ukuta? Mimi viazi zikioza shambani, naita wageni waje kuona?"

Tukacheka. Madam Wachuka aliyekuwa ametoka darasani hakucheka.

"Mwenyekiti, hawakuwa wajinga," akasema. "Simama hapa asubuhi na uangalie. Nani anasonga? Si ni jua? Waliandika walichoona. Mtoto akijua tulivyotoka huko, ataelewa kwa nini tuko hapa."

"Madam, mimi nakuelewa sana. Lakini karatasi ya mtihani haiulizi nani alikosea. Lynn aliandika kitu iko kwa ukuta wa shule, na shule ikamnyima alama. Nimwambie nini huyu mtoto? Asiamini ukuta ya shule?"

Na hapo, niseme ukweli, sisi wote tuliona ana haki. Hata Madam. Mwalimu mkuu akaamua: Ijumaa ni siku ya wazazi, yaliyo makosa yapakwe nyeupe kabla ya hapo. Na kwa vile makosa yalikuwa karibu nusu ya ukuta, afadhali upakwe wote, siku nyingine tutaanza upya.

Makhanu alishuka ngazi taratibu. Nilimtazama akifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja.

"Mwenyekiti," akasema, "naomba chokaa ingoje. Ijumaa asubuhi uje na Lynn. Ukikuta hii ukuta bado inadanganya mtoto wako, nitaipaka nyeupe na mkono wangu, na sitaomba mtu anisaidie."

Mzee Mbugua alimtazama, akatazama ukuta, akasema, "Ijumaa."

Jumanne Makhanu aliandika juu ya kila wazo la zamani neno moja kwa herufi kubwa za bucha: UWONGO. Madam Wachuka alifika akasimama mbele yake kama mtu aliyeona nyoka.

"Futa hiyo, mzee Makhanu. Tafadhali."

"Lakini si ni uwongo, Madam?"

"Mwongo anajua ukweli, anauficha. Hawa hawakuficha. Walikosea. Ni tofauti kubwa."

Akafuta. Siku hiyo hakutania mtu. Chepkurui alimrushia neno kuhusu nywele za Galileo, akajibu tu, "Sawa, mayi," na Chepkurui akaondoka amenywea, akaniambia heri angemtukana.

Jumatano saa ya chai nilipeleka madaftari ya darasa staffroom. Makhanu alikuwa ameketi pembeni na kikombe chake, na Madam Wachuka anasahihisha karatasi za fomu nne kwa kalamu nyekundu. Makhanu alikuwa akizitazama kichwa kimeinama upande.

"Huyu mbona amepiga mstari kwa hesabu yake?"

"Alikosea. Akakata, akaanza tena hapa chini."

"Kwa nini hakufuta kabisa? Si kuna raba?"

"Tunawakataza," Madam akasema, bado anasahihisha. "Ukikosea, piga mstari mmoja, safi, ili anayesahihisha aweze kusoma chini yake. Wakati mwingine naona hapo alikuwa karibu sana. Naona hasa alipopotelea. Akifuta, mimi sioni k..."

Kalamu ikasimama. Akainua macho. Makhanu alikuwa ameshaweka kikombe chini.

Sijawahi kuona watu wazima wawili wakitoka staffroom namna ile. Alichofanya Makhanu ni kitu ambacho mafundi wa mabango hukifanya kila siku ili herufi zisipande wala kushuka: alichukua uzi mrefu, akausugua kwa chokaa, akampa Madam ncha moja, yeye akashika nyingine, wakauvuta hadi ukakaza juu ya dunia iliyozungukwa na jua. Halafu akaunyanyua katikati kwa vidole viwili na kuuachilia. Pa! Mstari mweupe, umenyooka kama reli. Juu yake akapitisha brashi nyembamba yenye rangi nyekundu.

Mstari mmoja tu. Dunia ilionekana chini yake, jua lilionekana, kila kitu kilisomeka. Lakini kila mwanafunzi wa Kenya anajua mstari ule unasema nini. Kutoka mwisho wa mstari akachora mshale kwenda kwenye jibu lililofuata.

Pa! ikaenda kwa jicho linalotoa miale. Pa! kwa nyama inayozaa funza. Pa! kwa daktari na maua yake, na mshale mrefu hadi kwa mbu. Kwa Redi alitaka kukata pia, Madam akamzuia, "Huyo alipata." Kuna mmoja aliyewasumbua, Mgiriki mwingine, Aristarko, aliyesema zamani sana kwamba jua ndilo lililo katikati na watu hawakumjali. Makhanu alimtazama kwa muda. "Huyu maskini," akasema, "alipata lakini alikuwa hajaonyesha njia." Akamwacha bila mstari.

Ijumaa asubuhi mzee Mbugua alikuja amevaa koti la kanisani, na Lynn nyuma yake anajificha kwenye begi lake. Alifika kwa daktari mwenye maua akasimama.

"Lynn. Malaria inaletwa na nini?"

Lynn alitazama mstari. Akaufuata mshale kwa kidole, akitembea, hadi kwa mbu, na sisi tukitembea naye bila kujijua.

"Mbu," akasema. "Anabeba vimelea." Halafu hakunyamaza, na nafikiri hata yeye hakujua ataendelea. "Walifikiri ni hewa kwa sababu kando ya bwawa kunanuka, na watu wa kando ya bwawa ndio walikuwa wanagonjeka. Na mbu anazaliwa kwa hilo bwawa. Kwa hivyo walikuwa karibu, baba. Walishika bwawa, wakakosa tu kushika mbu."

Mzee Mbugua alirudi mwanzo wa ukuta, akaanza upya, safari hii polepole, akisimama kwa kila mstari. Makhanu alikuwa kando ya geti. Hakuwa ameshika brashi, na mikono yake haikujua ikae wapi. Ndoo ya chokaa ilikuwa pale pale, imekorogwa tayari.

Mwenyekiti akafika kipande cha mwisho, kilichokauka usiku huo. Makhanu alikuwa amechora Bonde la Ufa lenyewe, mlima Menengai ukiwa nyuma, na mishale miwili ikivuta ardhi huku na huku.

"Na hii haina mstari."

"Bado, mzee," Madam akasema. "Hii ndiyo tunayojua sasa. Zamani walisema milima imekaa pale pale tangu mwanzo. Siku hizi tunapima. Ardhi inasonga, polepole kuliko kucha inavyoota, na bonde linapanuka."

"Ardhi inasonga." Mzee Mbugua alivua kofia. "Na shamba yangu?"

"Inasonga pia."

"Inasonga kwenda kwa nani?"

Watu wakaanza kucheka lakini yeye alikuwa anauliza kwa dhati kabisa. "Madam, ngoja. Nina taito ya shamba. Bikoni za mpaka zimepigwa na sahveya. Shamba ikisonga, bikoni zinabaki wapi?"

"Zinasonga pamoja na shamba, mwenyekiti."

"Na ya jirani?"

"Pamoja na yako."

Akafikiri. Uso ukafunguka. "Basi sina neno. Mradi hakuna mtu ananiacha nyuma." Halafu akamgeukia Makhanu. "Fundi, na siku wakigundua hii nayo si hivyo?"

"Uzi ninao," Makhanu akasema.

Mzee Mbugua alicheka kifuani, akaitazama ndoo ya chokaa. "Hiyo mpelekee jikoni, pale kuta ni chafu kweli. Huu ukuta ukae."

Mchana wazazi walijaa mbele yake hadi hotuba zikachelewa. Wawili walikuwa wakibishana kuhusu hewa mbaya, mmoja akiapa kwamba kule Kihoto, kando ya ziwa, maji yakijaa, harufu peke yake inatosha kukulaza hospitalini, na mwingine akimvuta mkono kumpeleka kwa mbu. Makhanu alisimama katikati yao na sahani yake ya wali kama mgeni yeyote, akisikiliza, na hakumwambia mtu ni kazi ya nani.

Kazi yake kwetu ilikwisha wiki hiyo. Sasa anaandika kuta za shule ya chekechea upande wa pili wa barabara, na nasikia kuna twiga ana masikio ya ajabu. Lakini jioni nyingi, tukitoka, huwa tunamkuta getini kwetu. Mlinzi humwuliza kama amesahau kitu. Yeye husema amesahau brashi, anaingia, anatembea ukuta wote hadi maabara na kurudi, polepole, mikono nyuma kama mwenyekiti, kisha anatuaga na kwenda zake nyumbani. Brashi hajawahi kusahau hata moja.